Chupi ya Tatu

Mwalimu Narmandakh hanitazami anaponipa mfuko.
Ameufunga mafundo mawili. Leo ni ya tatu, anasema,
nami naupokea kama mtu apokeaye barua ya deni.
Badral kanishika kidole, kavaa suruali ya kuazimwa,
ya waridi, ina sungura gotini.
Hasemi neno mpaka juu ya kilima.

Wahenga walisema: mtoto akikunyea mkono, huukati.
Kweli. Ila hawakusema mkono huo unauosha na nini
maji yakiuzwa kwa lita kwenye kioski cha bondeni,
kioski kikifungwa saa kumi na mbili,
na dumu ni hilo hilo moja la kupikia, la chai, la kunawa uso,
na baridi ya Ulan Bator, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
inakung'ata kucha kabla hujavua glavu.

Nimejifunza. Kwanza kijiti:
kinyesi nakikwangulia chooni, nyuma ya uzio,
tochi nimeibana kwa meno.
Halafu maji baridi. Ya moto hulipika doa,
likakaa kama mpangaji asiyelipa.
Hili kanifundisha Khandsuren, jirani, mama wa watano,
akicheka hadi akajishika mlangoni mwa hema,
maana wiki nzima nilikuwa nachemsha chupi sufuriani
kama mchuzi wa mbavu.
Kisha sabuni ya mche, ngumi juu ya ngumi.
Mshono wa katikati ndio mkaidi.
Maji machafu simwagi kizingitini:
yataganda, na asubuhi nitavunjika nyonga
juu ya siri za mwanangu.

Mikono hii ilizoea breki za mabasi.
Grisi haina haya, inatoka au haitoki.

Tangu uende Korea kushona viti vya magari
mtoto aliyekwisha kujua choo amekikana.
Mwanzoni nilifoka. Niseme ukweli, nilifoka sana,
mbwa wa jirani wakanyamaza kunisikiliza.
Siku zilizofuata chupi zikaanza kupungua.
Niliwalaumu watoto wa chekechea, nikalaumu upepo.

Jumapili nilitafuta kiwi ya viatu
nikashika buti lako la kushoto, lile ulilosema
halifai kwa joto la kiwandani.
Ndani, kwenye ncha, mlikuwa na mbili,
zimekauka, zimekunjwa mara tatu
kama ulivyokuwa ukikunja wewe,
pembe juu ya pembe.
Nani alimfundisha? Ana miaka mitatu na nusu.

Sikumwita. Nilikaa kando ya jiko
na buti mapajani, makaa yakipasuka,
nikanusa: mavi, ngozi, na kwa mbali sana
ile losheni yako ya bei rahisi.
Chupi nikazifua. Buti sikulifua.

Usiku huu nimezianika nje, tano kwa mpigo.
Dakika kumi tu zikawa mbao.
Badral alitoka na kofia yangu imemfika puani,
akachomoa mbili, akazigonganisha, ko, ko,
akacheka kicheko nilichodhani ulisafiri nacho.
Ndipo simu yako ikaita. Uso wako una rangi ya taa za bweni.
Ukauliza, anaendeleaje na choo?
Nami nikitafuta uongo wa kukupa ulale,
yeye akaisimamisha moja juu ya meza
mbele ya kioo cha simu:
Mama, ona. Imesimama yenyewe.

Ulicheka, ukaziba mdomo, ukageukia ukuta.
Tulingoja sote wawili ugeuke tena,
na chupi ikaanza kulegea kwa joto la jiko,
ikainama taratibu, ikaketi.

Kesho naweka nne kwenye begi lake.
Na ile suruali ya sungura, nimeshaifua, nirudishe.